Mishono Mitatu Myekundu

Jumatatu, 4 Agosti

Matundu arobaini tangu asubuhi. Shazia limenichoma mara mbili, kidole kilekile. Ngozi ya mbuzi ya Mzee Bukuru wa Rusimbi ni ngumu kama ugali wa juzi. Anaisindika mwenyewe kwa magome, nyuma ya nyumba yake, na sina pengine pa kununua. Bi. Rehema alikuwa analetewa ngozi laini kutoka Mwanza. Mimi siletewi kitu.

Wiki ya tatu tangu niache kazi kwake. Miaka sita nimekaa nyuma ya pazia la duka lake pale Mwanga, mjini Kigoma, nikishona mikanda, mikoba, hereni za shanga. Kila kimoja kikiisha, yeye anashonea kitambaa kidogo chenye jina lake. Wateja wanasema, Bi. Rehema una mkono. Nawasikia. Pazia ni jepesi.

Sasa nashona kwenye chumba cha mbele, nyumbani kwa mama, Ujiji. Nyuma ya bizimu la kila mkanda, pale kwenye chuma cha kufungia, natia mishono mitatu ya uzi mwekundu. Hiyo ndiyo alama yangu. Hakuna anayeijua bado.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama hajasema kitu. Anapanga chupa zake za mawese barazani, anauza, anaingia, ananitazama, anatoka. Kunyamaza kwake kunachosha kuliko maneno. Leo kasema moja tu: "Kwa Bi. Rehema ulikuwa unakula mchana."

Ni kweli. Nilikuwa nakula.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkanda wa kwanza niliouza umerudi. Jirani yetu Mama Hawa kaufunga siku mbili, umepasuka penye tundu la tatu. Hakugomba. Kaucheka, kaniwekea mapajani. Ningependa angegomba.

Nimekaa na ule mkanda mpaka adhuhuri. Nikamkumbuka bibi wa Kalinzi, mama yake baba. Nilikuwa na miaka sita au saba, baba alinipeleka kumwona, baridi ya kule milimani inaingia mpaka kwenye meno. Bibi amekaa karibu na moto, ana ngozi ya mbuzi mapajani, anaipaka, anaikunja, anaisugua, anaipaka tena. Mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko. Ile ngozi mwishowe ilikuwa laini kama ndewe ya sikio. Nilifunikwa nayo usiku.

Mikono myekundu. Mawese, si kitu kingine. Na chupa zimejaa barazani.

Nimechukua moja. Kwa baridi ya asubuhi hizi mafuta yameganda nusu chupa. Nimeyaweka juani yakayeyuka, nikapaka vipande vitatu, nikakunja, nikasugua. Mama kaniona.

Jumapili, 10 Agosti

Laini. Vyote vitatu. Nimevikunja mara ishirini, hakuna ufa. Na rangi imekuwa nzuri, kahawia yenye wekundu ndani yake, hata ngozi za Mwanza hazina rangi ile.

Nina furaha. Naiandika kwa sababu sijaizoea.

Jumatano, 20 Agosti

Kaja mwalimu wa sekondari, Madam Upendo. Mtu wa Iringa, kapangiwa huku mwaka wa tatu sasa. Anaolewa Desemba kwao. Walimu wenzake na manesi wanamfanyia kitchen party hapa hapa Kigoma, tarehe 20 Septemba. Sare ya rangi ya maziwa. Anataka mikanda kumi na miwili ya ngozi na shanga kwa wanakamati, na mmoja wake, mpana, wa kuvaa juu ya gauni jeupe. Gauni la dada yake mkubwa. Ndilo atakalofungia ndoa pia.

Alikuwa anakwenda kwa Bi. Rehema. Njiani kaona hereni kwenye masikio ya Mama Hawa, akauliza nani katengeneza, akaelekezwa kwangu.

Kashika kile kipande laini akauliza, "Hii umeifanya wewe mwenyewe?"

Nikasema mimi. Neno dogo, lakini miaka sita sikuwahi kulisema mbele ya mteja.

Jumanne, 2 Septemba

Mkanda wa saba. Macho yanauma. Shanga nyeupe na za rangi ya kahawa, mistari ya mshazari. Jua limebadilika, asubuhi ya baridi imekwisha, saa tano tu bati linalia juu ya kichwa. Ziwa limetulia kabisa, hata upepo wa kufukuza nzi hakuna.

Mikanda inanuka mawese. Mama kasema chumba kinanuka kama mboga ya kisamvu. Nimetundika karafuu kwenye kamba.

Jioni nimeinua mikanda iliyokwisha. Gazeti chini yake lina michirizi ya njano. Nimeitazama. Nikasema ni uzi mwekundu, unachuja. Nimebadilisha gazeti.

Ijumaa, 5 Septemba

Gazeti tena.

Nimepangusa mikanda yote kwa kitambaa kikavu na unga wa muhogo. Kitambaa kimetoka na rangi kidogo. Kidogo tu. Bibi hakuwa na kitambaa wala unga na ngozi yake haikuwa na tatizo.

Nilifikiria kumpigia shangazi Leokadia, dada yake baba, bado yuko Kalinzi. Alikuwa na bibi siku zote zile. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikajiona mjinga. Mtu anayetaka kusimama mwenyewe anaanzaje kwa kuuliza. Nimeirudisha mezani.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkanda wa Madam umekwisha. Ndio mzuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Sisemi hivi kwa majivuno, nasema kwa sababu niliushika juani na mama akaacha kufunga chupa akauangalia. Nyuma ya bizimu, mishono mitatu.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepeleka yote kumi na mitatu. Nimeufunga kila mmoja kwenye karatasi ya khaki. Madam kaujaribu wake juu ya fulana ya shule, kajizungusha mbele ya kioo cha kabati. Kanikumbatia. Wenzake wawili walikuwepo, nesi mmoja na mwalimu wa hesabu, wakaniuliza niko Ujiji sehemu gani. Wakaniandika kwenye simu zao. Mwavita, mikanda.

Kanialika. Nimesema nitakuja.

Nikiwa natoka niliona ile karatasi ya khaki ya kwanza mezani. Ina doa la mafuta, unaona mbao kupitia pale. Sikusema kitu. Naandika hapa ili nisije nikasahau kwamba niliona.

Jumapili, 21 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi uko njia ya Katonga, bati tupu, hakuna dari. Feni mbili, moja haizunguki. Tuliingia saa nane mchana. Wanawake sitini au zaidi. Wanakamati waliingia wakicheza, kumi na wawili, rangi ya maziwa, mikanda yangu viunoni. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Nilisikia mtu anauliza mikanda hiyo ya nani. Sikuwahi kujisikia vile maishani.

Walicheza mara tatu. Jasho. Joto la watu na joto la bati.

Wa kwanza kuona ni yule nesi. Alifungua mkanda aupumzishe, akainama kujiangalia. Mstari wa njano iliyoiva, upana wa vidole vitatu, umemzunguka kiuno chote. Akamgusa mwenzake. Mwenzake naye. Nikawaona wanafungua mmoja mmoja, muziki bado unalia. Mama mmoja mtu mzima akanusa mkanda akasema kwa sauti, "Haya si mawese haya?" Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Kigoma nzima inajua harufu ile.

Madam alikuwa bado amesimama mbele, anapokea zawadi, hajajua. Hakuna aliyetaka kumwambia. Dada yake mdogo ndiye aliyekwenda. Alipoufungua mkanda, upande wa mbele wa gauni ulikuwa umekwisha. Hakupiga kelele. Alishika tu kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta mbali na mwili wake, akaendelea kukishika hivyo hivyo.

Nilitoka. Mlango ulikuwa karibu. Sikumwendea, sikusema pole, nilitoka kama mwizi. Nimetembea mpaka Ujiji kwa miguu na viatu vya kualikwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Sikutoka ndani. Mama kaleta chai, kaikuta baridi, kaichukua, kaleta nyingine.

Jumanne, 23 Septemba

Bi. Rehema kaja. Miaka yote sita hajawahi kufika kwetu. Mama alimpa kiti, akamwambia karibu sana kana kwamba ni sikukuu. Nikamwamkia. Kaitikia.

Watu wanasema mikanda ni ya duka lake. Nimeshona pale miaka sita, mkono wangu ndio mkono ambao mji unaujua kama wake. Shanga za mshazari, bizimu lile lile. Wateja wawili wamerudisha mikoba ambayo haina hata tone la mafuta, kwa hofu tu. Hakupaza sauti. Kasema, "Mwavita, mimi nataka kitu kimoja. Sema ni yako."

Kuna kundi la akina mama kwenye simu, karibu mji wote umo. Kashikilia simu yake mbele yangu nikaandika nayo, yangu haina kundi lile. Niliandika hivi: Mikanda ya kitchen party ya Madam Upendo nilitengeneza mimi, Mwavita wa Ujiji. Bi. Rehema hahusiki. Alama yangu ni mishono mitatu myekundu nyuma ya bizimu. Nawaomba radhi.

Ile ya alama sikulazimishwa. Nimeiandika mwenyewe. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka ijulikane hata hivyo.

Basi imejulikana. Nilitaka watu waseme hii ni kazi ya Mwavita. Sasa wanasema.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuomba nguo nizifue. Nyumba za manesi, nyumba za walimu. Wengine wamenipa bila kunikaribisha. Mmoja kasema ameshaifanya kitambaa cha kupigia deki. Gauni la Madam nimepewa na yule dada yake, dirishani.

Unga wa muhogo kwanza, unywe mafuta. Kisha maji ya moto, kisha sabuni. Sabuni yenyewe ni ya mawese, ndiyo tuliyo nayo. Nilicheka peke yangu uani na mama akatoka kuangalia nina nini.

Jumamosi, 27 Septemba

Jua linakula rangi ya mawese, hilo kila mwanamke wa huku analijua. Siku mbili kwenye kamba na njano imeondoka. Nguo kumi na moja ziko safi, au karibu. Gauni jeupe nalo halina njano, lakini ukilishika kwenye mwanga unaona kivuli. Pale mafuta yalipoingia kitambaa kimebadilika. Nimelifua mara nne. Kivuli kipo.

Jumapili, 28 Septemba

Kalinzi. Nimepanda pikipiki, barabara ni vumbi tupu, juu kule ni baridi nikajuta kutobeba kanga ya pili. Shangazi Leokadia alikuwa anaanika kahawa. "Mwakeye," kanisalimia kwa Kiha, akanishika mashavu, mikono yake inanuka moshi. Kaniuliza mbona nimekonda. Nikamweleza yote, tangu ngozi ya Mzee Bukuru mpaka gauni.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kauliza, "Mawese? Nani alikwambia mawese?"

Nikasema nilimwona bibi. Mikono myekundu.

Shangazi kacheka mpaka kajifuta macho. Ule ulikuwa udongo, kasema. Udongo mwekundu wa bondeni, unasagwa, unachanganywa na siagi ya ng'ombe kidogo sana, ngozi inasuguliwa siku nne mpaka inakauka kabisa. Siagi ndiyo inalainisha, udongo ndio unanyonya kinachobaki. Mawese hawakuwa nayo hata ya kupikia, yalipanda kutoka ziwani kwa kubebwa kichwani, nani angepaka ngozi. "Wewe ni mtoto wa Ujiji," kasema. "Kila kilicho chekundu kwako ni mawese."

Halafu kacheka kidogo zaidi, akaacha. Kasema, "Ungeuliza, mwanangu. Simu yangu iko wazi siku zote."

Hilo ndilo limeniuma njia nzima ya kurudi. Kasema kwa upole tu. Tarehe tano Septemba simu ilikuwa mkononi mwangu.

Kanipa kibuyu kidogo cha siagi na udongo umefungwa kwenye jani la mgomba. Sikuvitaka. Nimevibeba.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimerudisha gauni. Madam alikuwa anasahihisha madaftari kwenye ngazi ya nyumba. Kalisimamisha kwenye mwanga, kaona kivuli, kalikunja vizuri, pindo kwa pindo. Kasema asante kwa kulifua. Kasema dada yake mkubwa ameelewa. Kasema atatafuta jingine.

Nikamwambia niliona mafuta kwenye karatasi siku ile na sikusema. Nilikuwa nimejiapiza nitamwambia, nikamwambia. Kabla ya hapo alikuwa ananihurumia, nadhani. Baada ya hapo hapana.

Kaingia ndani, akatoka na mfuko. Mikanda yote, kumi na mitatu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama alikwenda kwa Bi. Rehema. Bila kuniambia. Kajifunga kanga yake ya Idi akaenda kuniombea kazi kama mtu anayeombea mtoto shule. Karudi kasema naanza Jumatatu. Kiti changu bado kipo. Sharti moja: nisitie ule uzi mwekundu kwenye kitu chochote.

Nilimchukia mama kwa muda kama wa kuchemsha maji. Halafu nikaona miguu yake, ina vumbi mpaka magotini. Alikwenda kwa miguu.

Ningeweza kusema hapana. Nani angenunua kwangu? Nimewaambia mwenyewe watu wapekue nini nyuma ya bizimu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda. Pazia lile lile. Bi. Rehema hakusema neno la kuniumiza, kanipa ngozi ya Mwanza na mkasi. Mchana nimekula wali na samaki, migebuka ya ziwani.

Kwenye mkanda wa kwanza mkono wenyewe ulikwenda kwenye uzi. Nimetia mishono miwili kabla sijajiona. Nimeifumua kwa wembe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Madam Upendo kaingia dukani leo. Nimeitambua sauti. Anatafuta mkanda wa kuvaa na gauni jingine, wameazima kwa binamu.

Nilikuwa nyuma ya pazia na mkanda mwingine mapajani. Nilimwona kupitia upenyo. Bi. Rehema kampangia mitano kaunta. Kachukua mmoja, mweupe na kahawa, shanga za mshazari. Niliushona Jumanne. Hakuuangalia mbele. Aliugeuza kwanza, akaliinua bizimu, akapitisha kidole gumba nyuma yake, taratibu, upande hadi upande.

Hakuna mishono. Kuna kitambaa chenye jina la Bi. Rehema.

Akashusha mabega, akausogeza kwenye mwanga, akasema ni mzuri. Kasema, "Bi. Rehema, una mkono." Bi. Rehema kasema asante. Kafungua droo kutafuta karatasi ya kufungia.

Baada ya Madam kutoka, Bi. Rehema kaja nyuma. Kasimama. Kaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa. Sikuwa nimekunywa.

Sikulia dukani. Nimelia njiani, karibu na stendi, watu wakinitazama, sikujali.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza usiku wa kuamkia leo. Asubuhi jua kali tena, ardhi inatoa mvuke.

Juzi nilipaka kipande cha ngozi ya Mzee Bukuru kwa siagi na udongo wa shangazi, nikasugua jioni mbili. Nimesugua leo tena. Bado ni kigumu pembeni, lakini kinakunjika. Nimekifunga kiunoni juu ya shati langu jeupe la zamani, nikatembea saa saba mchana, jua likiwa juu ya utosi, kutoka nyumbani mpaka ufukweni na kurudi. Mama Hawa kaniuliza nakwenda wapi na joto hili. Nikasema sina ninapokwenda.

Nimerudi, nimevua shati, nimeligeuza dirishani. Jasho na vumbi. Hakuna kingine.

Shangazi alisema siku nne za kusugua. Nitakivaa siku saba baada ya hapo. Nimempigia simu kumuuliza kama mvua inadhuru, kasema nikianike ndani.

Uzi mwekundu uko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati.